Mtungi wa Milango

Kitu cha kwanza alichokiona kwake hayakuwa macho, wala tabasamu, wala ile nyusi ya kushoto iliyoungua nusu. Vilikuwa vidole gumba.

Watu wengi wakibeba mtungi mbichi huukumbatia kifuani kama mbuzi anayetaka kutoroka. Mchomaji, kijana mpya wa tanuri, hakufanya hivyo. Siku yake ya kwanza katika karakana ya ufinyanzi ya shangazi alipitisha viganja viwili chini ya kitako cha mtungi, akavikunja vidole gumba visiguse ubavu, akauinua na kutembea nao polepole hadi kwenye tanuri. Ubavuni mwa mtungi ule kulikuwa na watu. Watu wadogo wa udongo, wenye pua na masikio. Akapita nao kama mtu anayebeba nyumba yenye wenyewe ndani, anaogopa kuwaamsha.

Msichana aliyewafinyanga watu wale alikuwa amejificha nyuma ya pazia la magunia. Akaviona vidole vile vilivyokunjwa, na moyo wake ukafanya jambo lisiloruhusiwa saa za kazi.

Karakana nzima ilimwita Bi Kimya. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na tangu aliposimamishwa shule akiwa darasa la tano ili aje ashike udongo. Hakuwa bubu. Maneno alikuwa nayo, tena tele. Shida ni kwamba yakifika kooni yalipanga foleni, la mbele likaona haya, na yote yakarudi nyumbani.

Kwa hiyo aliyafinyanga. Sahani yake moja ilikuwa na foleni ya wagonjwa mbele ya dirisha, na ndani ya dirisha karani anachana nywele. Bakuli lake jingine lilizungukwa na wanaume wanaojadiliana mikono juu, na chini yao, kwenye kitako ambapo hakuna anayetazama, mwanamke mmoja anafua nguo za wote. Wateja walicheka, wakanunua, na wengine walipofika nyumbani waliacha kucheka. Yeye mwenyewe akiulizwa maana yake, alitazama miguu yake.

Tanuri lilikuwa na sheria moja, na Mchomaji aliisimamia kama askari wa getini. Kabla chombo hakijaingia, aliyekifinyanga lazima aulizwe: "Chombo kimekauka?" Naye lazima ajibu kwa mdomo wake. Si mwenye karakana, si jirani. Kwa sababu chombo kimoja chenye unyevu kikipata moto hupasuka kama bomu, na vipande vyake huua kazi za watu wote waliomo. Kila mfinyanzi alijibu kwa sauti. Ni mmoja tu aliyeruhusiwa kujibu kwa kichwa. Mchomaji alimuuliza, yeye akainamisha kichwa, Mchomaji akasema, "Nimesikia," na kubeba.

Neno lile, "nimesikia," alilala nalo mara nyingi.

*

Asubuhi ya siku moja ya kuchoma vyombo, mtungi wake wa uchumba ulikuwa juu ya benchi, mweupe wa kukauka. Bi Kimya alikuwa anapangusa vumbi kwa brashi wakati kivuli kilipoangukia mikono yake. Alijua ni cha nani. Kilinuka moshi.

"Naruhusiwa kuusoma?" Mchomaji aliuliza.

Akainamisha kichwa.

Mchomaji hakuushika. Aliuzunguka, mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye nyumba ya watu. Mtungi ulikuwa nyumba moja iliyojipinda mwenyewe hadi ikakutana, na nyumba ile ilikuwa na milango tu. Kwenye kila mlango alisimama mwanamke. Mmoja alikuwa na simu sikioni, lakini mkono ulioishika simu haukuwa wake. Ulitokea gizani nyuma ya bega.

"Huyu ni dada yako," Mchomaji alisema taratibu.

Dada yake mkubwa aliolewa na kupelekwa mbali, na tangu hapo simu yake hupokelewa na shemeji. *Yupo, hajambo, anasalimia.* Sauti ya dada mwenyewe walikuwa wameanza kuisahau.

Mchomaji akazunguka tena. Kisha akainama, uso wake karibu kabisa na udongo, na nyusi ile nusu ikapanda juu.

"Vitasa vyote viko nje," akasema. "Hakuna mlango hata mmoja wenye kitasa cha ndani."

Bi Kimya akahisi masikio yanawaka. Watu walikuwa wamepita pale siku nzima ya jana wakisifu nywele na mikunjo ya nguo. Hakuna aliyeona vitasa.

"Na huu mtungi unakwenda kukaa sebuleni kwa Bwana Vigae."

Kichwa kikainama.

"Na wewe unakwenda kukaa naye."

Kichwa hakikusogea. Hapo ndipo palipokuwa na donda. Bwana Vigae alikuwa mwenye duka kubwa la vigae na masinki kule barabarani, na ndiye aliyenunua karibu kila kitu kilichotoka katika karakana ile. Alipoleta posa, shangazi alimwita Bi Kimya sebuleni mbele ya wageni, akamuuliza, "Umekubali, mwanangu?" Bi Kimya, akiwa amezungukwa na macho, aliinamisha kichwa kwa haya kama alivyokuwa akikiinamisha tangu utotoni. Wakapiga vigelegele. Kabla hajakiinua tena, alikuwa mchumba wa mtu.

"Ulikubali kweli?" Mchomaji aliuliza.

Bi Kimya akainua brashi. Akapangusa mahali palipokuwa safi.

"Bi Kimya, mimi naondoka kesho."

Brashi ikasimama.

"Nimepata kazi kwenye matanuri ya matofali, mbali. Huu moto wa leo ndio wa mwisho kwangu hapa. Nilisema nitakaa hadi mwaka mpya, lakini..." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Siwezi kuchoma mtungi wa harusi yako halafu nikae nikufagilie njia ya kupita. Sina moyo wa chuma, ijapokuwa nakaa motoni."

Bi Kimya akainua macho. Walitazamana. Kwenye kope za Mchomaji kulikuwa na vumbi la majivu, na chini ya majivu yale kulikuwa na mtu anayesubiri.

"Una la kuniambia?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa neno moja. Lilifika kooni, likasimama, likamtazama mwanaume yule, na likaona haya.

"Ehee! Nimewakamata!" Mama Pacha aliingia na ubao wa vikombe begani. Huyu alikuwa mfinyanzi mwenzao, mwenye mdomo usio na mfuniko. "Kaka, tanuri liko kule. Hili unalolitazama hapa halihitaji kuni zako, lina moto wake."

"Naangalia mtungi, Mama Pacha."

"Naona. Na mtungi umekuwa na haya, umeinama." Akatua ubao wake. "Haya nenda, kapange rafu. Vikombe vyangu vya mwezi mzima vinaingia leo. Ukivipanga karibu na kitu chenye maji, nitakuchoma wewe."

Mchomaji akaondoka. Mama Pacha alimsindikiza kwa macho, kisha akashusha sauti.

"Mdogo wangu, mimi nina mdomo mkubwa na nimeolewa na mwanaume nisiyemwelewa. Wewe huna mdomo na unakwenda kuolewa na duka. Kati yetu nani afadhali?"

Bi Kimya akacheka bila sauti, na machozi yakatumia nafasi hiyo kutoka.

"Mwambie shangazi yako."

Akatikisa kichwa.

"Basi mwambie yule wa moshi."

Akatikisa tena.

"Utamwambia nani, sasa? Udongo?" Mama Pacha akautazama mtungi, akaukazia macho, na utani ukamtoka usoni. "Naona umeshauambia," akasema.

*

Bwana Vigae alifika na manukato yake yakitangulia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidisha ugumu. Alicheka upesi, alisalimia hadi wapasua kuni, na kila alipokuja hakukosa kitu mkononi. Shangazi alimfuata akifuta mikono kwenye aproni, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa upande, fundo juu ya sikio la kushoto kama siku zote.

"Yuko wapi bibi harusi wangu? Aa, huyu hapa. Hujambo?"

Kichwa kikainama.

"Mnaona?" Bwana Vigae aliwageukia wengine kwa furaha. "Mke wangu wa kwanza, Mungu ampe raha huko alikoolewa, alikuwa redio. Asubuhi taarifa, mchana taarifa, usiku marudio. Huyu ni mapumziko."

"Redio ina kitufe cha kuzimia," alisema Mama Pacha. "Mtu akinyamaza utamwashia wapi?"

"Mama Pacha!" Shangazi alimkata jicho.

Bwana Vigae alicheka kuliko wote. Akaufikia mtungi, na kabla mtu hajasema neno, akaunyanyua kwa kuukumbatia. Kiganja chake kilifunika nyuso za wanawake watatu.

"Taratibu, ni mbichi huo!" shangazi akapiga kelele.

"Haumwagiki." Akauzungusha kwenye mwanga. "Nyumba nzuri. Milango mingi kama kwangu. Lakini hawa wanawake mbona wamenuna? Nani kafa?" Akaurudisha benchini kwa kishindo kidogo. "Shangazi, nakuomba jambo. Mama yangu ndiye atakayeupokea, na mama anapenda vitu vyeupe, vitupu, visivyo na makelele. Hizi picha haziwezi kulainishwa?"

Shangazi akasita. Alimtazama mpwa wake kwa nusu ya sekunde. Bi Kimya alisimama pale, brashi mkononi, na kwa macho aliomba kila kitu kinachoweza kuombwa kwa macho.

"Ni udongo mbichi," shangazi alisema hatimaye. "Haujaona moto. Unafutika."

"Kumbe! Basi hakuna tatizo."

Shangazi akachovya sifongo kwenye ndoo, akaikamua, akaupeleka mkono kwenye mlango wa kwanza. Ulikuwa mlango wa dada. Sifongo ikapita mara moja na simu ikaondoka. Ikapita tena na ule mkono wa gizani ukayeyuka. Ikapita mara ya tatu, na dada, ambaye Bi Kimya alitumia siku nyingi kukikumbuka vizuri kidevu chake, akawa tope linalotiririka. Mlango wenyewe ukafutika pamoja na kitasa, likabaki tundu la upinde, laini, lenye unyevu unaong'aa.

Bi Kimya alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alihisi kama yuko ndani ya mtungi, anapiga ukuta kwa ngumi na nje hakusikiki.

Sifongo ikahamia mlango wa pili. Ikasimama hewani.

Kwenye mlango ule hapakuwa na mwanamke aliye ndani. Huyu alikuwa nje, amegeuka ukutani, shada la funguo mkononi. Uso wake haukuonekana. Kilichoonekana ni mgongo uliochoka na kitambaa cha kichwa kilichofungwa upande, fundo juu ya sikio la kushoto.

Shangazi alitazama kwa muda mrefu. Maji yalidondoka kutoka kwenye sifongo hadi kwenye kiatu chake, hakuyaona. Mkono wake mwingine ulipanda polepole ukaligusa fundo kichwani mwake.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Mama Pacha aligundua ghafla kwamba vikombe vyake vinahitaji kuhesabiwa.

"Nakuuliza wewe. Huyu mwenye funguo ni nani?"

Bi Kimya akainamisha kichwa. Na shangazi, aliyemlea na kumwogesha na kumfunga vidonda, akausoma uinamaji ule kama alivyopenda kuusoma siku zote: kwa namna inayomfaa. Akaitupa sifongo ndooni.

"Ni mchezo wa watoto," akasema, lakini sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Tunapoteza muda. Mtungi uingie motoni hivi hivi, tumalize. Mama yako atausamehe, mkwe. Wewe, Mchomaji! Njoo ubebe!"

*

Mlango wa tanuri ulikuwa wazi, na ndani rafu zilikuwa zimejaa. Vikombe vya Mama Pacha vilipangwa bega kwa bega, sahani, vyungu, kazi za karakana nzima. Nafasi moja tu ilikuwa imebaki, katikati. Matofali ya kuziba mlango yalikuwa tayari pembeni na tope lake limekorogwa.

Mchomaji alipitisha viganja chini ya mtungi na kukunja vidole gumba. Akaubeba hadi mlangoni mwa tanuri, akautua juu ya kigoda, akasimama.

"Chombo kimekauka?"

"Kimekauka, kimekauka," shangazi alisema. "Kimekaa benchini wiki mbili. Ingiza."

"Samahani, mama. Sikukuuliza wewe." Akamgeukia msichana. Usoni mwake hapakuwa na kile kitu cha asubuhi. Alikuwa amekikunja na kukifungia pamoja na mizigo yake ya kesho. "Bi Kimya. Chombo chako kimekauka?"

Wote walimgeukia. Shangazi mwenye macho mekundu. Bwana Vigae mwenye tabasamu, akichezea funguo za gari. Mama Pacha, akiwa na mkono kifuani. Yalikuwa macho yale yale ya sebuleni, siku ya posa.

Ilikuwa kazi ndogo sana. Kidevu kishuke kidogo, kisha kipande juu. Angeinamisha kichwa, Mchomaji angesema "nimesikia," tofali lingepanda juu ya tofali, tope lingepakwa, na kesho mlango ukifunguliwa mtu yule angekuwa amekwisha kupanda gari.

Kidevu chake kilianza kushuka.

Ndipo akaliona lile tundu. Mahali aliposimama dada, udongo ulikuwa mweusi, umevimba kwa maji. Jua lilipiga pale na pale pakang'aa kama jicho la mtu anayelia. Ukuta wa mtungi ule ulikuwa mnene. Maji yale yalikuwa yameingia ndani kabisa.

Mchomaji hakuwepo wakati sifongo inapita, na alipoutua mtungi, sehemu ile ilielekea upande wa Bi Kimya. Hakuiona. Akikubali kwa kichwa, mtungi utapasuka. Vikombe vya mwezi mzima vya Mama Pacha vitakufa. Milango yote itakufa, dada, shangazi na wote, na kitakachobaki ni vigae, na vigae kwa Bwana Vigae vilikuwa vingi tayari.

"Bi Kimya?" Mchomaji aliuliza.

Maneno yalipanga foleni kooni. La mbele likaona haya. Likageuka kurudi. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilishika shingo.

"Hapana," alisema.

Ilikuwa sauti nene kidogo, yenye mikwaruzo, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa siku nyingi. Yeye mwenyewe ilimshtua.

"Hakijakauka. Pale palipofutwa pana maji. Kikiingia kitawaua wenzake."

"Loo!" Bwana Vigae akapiga makofi. "Kumbe tunaongea! Sasa tatizo liko wapi? Kikaushwe, kichomwe kesho, kesho kutwa. Mimi na harusi yangu hatuna haraka."

"Hapana," alisema tena, na la pili lilipita kirahisi kwa sababu la kwanza lilikwisha kupanua njia. Akamgeukia, mikono ameificha chini ya aproni. "Sitakuja kwako, kaka. Unisamehe. Siku ile sikusema ndiyo. Niliona haya, nikainama."

Tabasamu la Bwana Vigae lilibaki mahali pake, lakini hapakuwa na mtu nyuma yake. Alimtazama shangazi, akautazama mtungi, akaziangalia funguo zilizokuwa mkononi mwake kama zimewekwa pale na mtu mwingine.

"Vyombo viko vingi mjini," akasema mwishowe. "Mtamuuzia nani, tutaona." Akatembea kuelekea kwenye gari lake, na manukato yake yakabaki nyuma yake kidogo, yakatafuta njia, yakaondoka naye.

"Unajua ulichofanya?" Shangazi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Nani atanunua sasa? Wewe na udongo wako mtakula nini? Nimekufungia mlango gani mimi? Nilitaka uwe na nyumba!"

"Ni wewe, shangazi," Bi Kimya alisema.

"Nini?"

"Uliuliza yule mwenye funguo ni nani. Ni wewe. Nimekugeuza ukutani kwa sababu unalia. Sikutaka watu wakuone."

Shangazi alikaa juu ya rundo la matofali yaliyongoja kuziba tanuri. Alikaa kama mtu aliyesukumwa. Fundo la kitambaa lilikuwa limelegea, naye hakulikaza. Mama Pacha alimsogelea, akampa maji kwenye kikombe kimoja cha zamani.

Mchomaji alikuwa bado amesimama kando ya kigoda. Alikuwa hajamwondolea Bi Kimya macho.

"Unyevu huo," alisema polepole, "unataka siku kadhaa kivulini. Ukilazimishwa juani utapasuka."

"Najua."

"Na mimi kesho natakiwa niwe njiani. Wanaweza kutafuta mchomaji mwingine."

Bi Kimya akautazama mtungi. Tundu lile lisilo na mlango wala kitasa lilikuwa limemtazama yeye. Angeweza kumfinyanga dada upya. Udongo ulikuwa bado unakubali. Lakini alijua hatamrudisha pale. Angeliacha lile tundu wazi, mtu apite.

Neno la asubuhi lilikuwa palepale lilipoachwa, kooni, peke yake sasa, hakuna tena foleni. Akainua kichwa chake, akakiacha juu, akamtazama mwanaume mwenye nyusi nusu, na akalisema mbele ya shangazi, mbele ya Mama Pacha, mbele ya tanuri lililo wazi.

"Usiondoke."